Hofu ya Jana

Jumatatu, 3 Machi
Chai, mandazi, busu mlangoni. Isaya wangu ameondoka na kikasha chake cha barafu kufuata tumbili nyuma ya maegesho ya malori. Bado siamini kwamba ni mume wangu! Tangu harusi natabasamu hata nikisugua sufuria.

Anaokota mavi ya tumbili kwa watafiti wa chuo kikuu. Wanapima homoni ya hofu. Wanataka kulinganisha tumbili wa hapa Malaba, wa honi na chipsi za kutupwa, na wale wa kijijini kwetu Adungosi. Mavi hayasemi hofu ya leo, alinieleza kitandani. Yanasema ya jana. Ana akili, mpenzi wangu!

Sokoni nimewaambia ni daktari wa mifugo.

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya jambo baya.

Nilikuwa nanunua nyanya kwa Mama Amoit. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, hebu ona! Si yule daktari wako? Anafuata matako ya tumbili na kijiko!" Wote wakageuka. Isaya alikuwa amechuchumaa chini ya mti, hatua chache tu kutoka kwetu.

Nikasema, "Yule? Wanafanana tu." Nikacheka nao.

Alisikia. Hakuinua kichwa.

Jioni alikula, akashukuru, akalala. Siwezi kuitazama picha ya harusi.

Alhamisi, 6 Machi
Ananitolea kiti, ananiuliza kama nimekula. Heri angenigombeza.

Mchana tumbili jike alikaa ukutani kwetu na mtoto kifuani. Lori likapiga honi. Akashtuka, kisha akaendelea kula chipsi kana kwamba hakuna kitu. Isaya huniambia wa mjini wako hivyo. Usoni wametulia, ndani kumejaa.

Niliingia ndani nikalia. Mimi ndiye honi.

Ijumaa, 7 Machi
Leo kikasha nimebeba mimi. Aliniangalia, hakukataa.

"Kumbe leo mnafanana wawili!" Mama Amoit alisema tulipopita sokoni.

"Mama, huyu ni mume wangu. Si daktari. Anaokota mavi ya tumbili. Juzi nilimkana."

Walicheka sana. Uso uliniwaka, lakini sikuharakisha.

Chini ya mti nilimshikia chupa. Akatia, akafunga.

"Hii inasema ya jana," nikamwambia.

"Ndiyo," alisema. "Ya leo tutaiona kesho."