Jina Langu Gazetini

Nakuru, Jumamosi, Agosti 1957

...na kweli wameichapa hadithi yangu, kwa jina langu mwenyewe! Daudi wangu alikataa katakata nitumie lake. "Mke wangu, umeandika wewe. Mimi niwekwe hapo kama nani?" Jamani, nampenda huyu mume!

Leo bombani niliwasomea wanawake wa nyumba za reli. Ni habari ya bibi arusi anayepigwa, mama mkwe akimwambia anyamaze, ndiyo ndoa. Niliogopa watanizomea. Wakasogea karibu. Kisha Mama Akinyi akatua debe lake.

"Wewe mtoto, nani alikuambia mambo yangu?"

Tukacheka, tukalia. Akasema dada yake kule Njoro ana makubwa zaidi, hajawahi kumwambia mtu mwingine.

Mwambie asubiri, Mama Akinyi. Nitafika kwake na kalamu yangu kabla mwezi haujaisha.