Kamba ya Mbuzi na Ramani

Kagerankanda, Juni 2014

Mjukuu wangu Neema,

Sisi wazima. Maharage tumeshavuna, na kaburi la babu yako tumelijengea.

Umeuliza kwa nini nilinyamaza kwenye simu. Ulisema kompyuta inaipa njia moja ya bomba la maji urefu wa aina mbili: mfupi ukiunganisha nukta chache za GPS kwa mistari iliyonyooka, mrefu ukifuata kila kona uliyoitembea. Na bosi wako anautaka ule mfupi.

Nilinyamaza kwa hasira. Mwaka nilioolewa, mpimaji alipima njia ya bomba letu kwa rula juu ya ramani, kana kwamba hapa hakuna kona wala mabonde. Babu yako akaipima njia ileile kwa kamba, mimi nikimshikia ncha ya pili.

"Bwana, mabomba hayatafika," alimwambia.

Yule akacheka. "Kamba ya mbuzi ishindane na ramani?"

Mabomba yakaishia bondeni, chini ya nyumba zetu. Unajua mpimaji na wenzake walisema nini? "Mabomba yalitosha. Nani kayaiba?" Wakamtaja babu yako, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiyalinda! Hakuna aliyerudi kupima. Hata msibani mwake nilisikia mtu akinong'ona habari za mabomba.

Andika urefu ulioutembea, mjukuu wangu. Bosi akicheka, mwambie mkaitembee njia hiyo wote wawili.

Kamba bado ninayo. Ukiwasha kifaa chako cha kupimia, mkumbuke babu yako, na mimi niliyeshika ncha.

Bibi yako