Jovy, Usibaki Nyuma

8 Agosti 1993

Mwanangu Noring,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hong Kong, na kwamba bosi wako amepunguza maneno. Sisi huku tunapumua. Mvua imeloanisha kila kitu, mpaka chumvi.

Tatang, baba yako, tulimzika vizuri. Najua mkataba ulikukatalia kuja, kwa hiyo nakueleza. Tulimvika lile shati jeupe ulilomletea, na mfukoni nikamwekea tumbaku ya shamba lake mwenyewe. Watoto tuliwavusha juu ya jeneza mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Jovy wako alipofika juu ya kioo cha jeneza, macho yakamjaa machozi. Shangazi yako Ursing akamwambia, "We Jovy! Chozi lisidondoke kwenye kioo, Lilong wako atashindwa kuondoka." Akayameza. Watu wakamsifu: ana miaka sita tu, lakini hodari kama mtu mzima.

Tangu siku ile hali chakula. Nikimpakulia wali, anausogeza wote kwenye sahani tunayomwekea marehemu. Anasema tumbo linamuuma. Nimemkanda kwa mafuta ya nazi na tangawizi. Ursing alisema ni minyoo, tukampa dawa, hakutoka hata mmoja. Gauni la kanisani limemwanguka mabegani.

Hachezi, halii. Anakaa kwenye ngazi, pale Tatang wako alipokuwa akivutia tumbaku, na kiatu kimoja cha babu yake mapajani.

Sikutaka kukuficha.

Nanang wako

24 Agosti

Nanang mpenzi,

Hujambo wewe na magoti yako? Mimi mwili hauna neno. Barua yako niliisoma bafuni nikiwa nimefungulia maji, ili wasinisikie.

Tafadhali mpeleke Jovy hospitali ya mjini. Kama hadi mwezi wa kumi hajaanza kula, navunja mkataba narudi, hata kama sitaajiriwa tena. Usinikataze. Mtoto ninayemlea hapa hulia akikosa kijiko chake cha bluu, nami humbembeleza mpaka anyamaze. Wangu halii kabisa, na siko karibu nimkumbatie.

Mzungumzie habari za Tatang. Mwambie tulivyokuwa tukitoka mtoni, nyati wetu wa kulimia yuko mbele, sisi nyuma tunatetemeka kwa baridi. Lazima Tatang asimame, ayageukie maji, apige mluzi, kisha aite: "Noring, twende, usibaki nyuma!" Nilikuwa naona aibu mbele ya wenzangu. Nilimwambia, "Tatang, si niko hapa!" Akanijibu, "Wewe nakuona. Namwita yule anayeendelea kucheza kule."

Wenzangu walinitania mwezi mzima. Leo ningetoa mshahara nimsikie tena akiita.

Binti yako,
Noring

20 Septemba

Nanang,

Salamu. Mbona kimya? Nimeanza kupanga vitu vyangu kwenye boksi. Niambie neno moja tu: anakula?

Noring

26 Septemba

Mwanangu Noring,

Salamu nyingi. Usilifunge boksi hilo. Soma kwanza.

Hospitali walimpima damu na choo, hawakuona kitu ila wembamba. Tukarudi hapa kijijini, kituo cha afya. Nesi Perlita akampima uzito, akatikisa kichwa, halafu akaniuliza, "Nanang, huyu amemlilia babu yake?"

Nikamjibu, "Hapana, ni hodari sana."

"Hodari! Wa miaka sita? Kioo kimeshafukiwa, Nanang. Sasa mwacheni mtoto alie. Na mpe chakula kidogo kidogo, msimlazimishe. Mlete kila wiki."

Nyumbani nikaisoma tena barua yako. Nilipofika pale kwenye mto, nikakaa chini. Siku ya maziko, nani alimwita Jovy tulipotoka makaburini, roho yake isibaki kule? Nikamuuliza Ursing. "Mimi? Si nilidhani wewe!" Nikamuuliza kaka yako. "Nilidhani Shangazi." Noring, miaka yote mwitaji alikuwa Tatang wako. Siku ile mwitaji ndiye tuliyemwacha, na sisi tukarudi kimya kimya.

Basi jioni ile ile tukaenda, mimi, Ursing na mtoto. Nilichukua gauni lake la manjano, maana nguo ya mtoto husaidia kumvuta aliyebaki. Pale kaburini nikamwambia, "Hapa unaweza kulia." Akang'oa majani kidogo, akauliza, "Nikilia, Lilong atakwama njiani?"

"Hapana. Lilong ameshafika."

Hakulia. Wakati wa kuondoka nikageuka, nikalipunga gauni, nikaita, "Jovy, twende, usibaki nyuma!" Sauti ikatoka kama ya muuza samaki. Ursing akacheka. Mtoto akasimama, akaniangalia mimi bibi yake kwa hasira.

"Siyo hivyo, Lilang! Lilong anapiga mluzi kwanza."

Mluzi, mimi, kwa meno haya! Nikajaribu, ukatoka upepo mtupu. Nikajaribu tena, ukatoka upepo na mate. Jovy akacheka mpaka akashika tumbo, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio. Alilia njia nzima. Ursing alitaka kumnyamazisha, nikamfinya. Mtoto akaloanisha bega langu lote, anasema, "Hakuniaga, Lilang, hakuniaga."

Tulipofika nyumbani alikula nusu bakuli la wali na mchuzi wa mlonge. Asubuhi akaomba kichwa cha samaki.

Nisikudanganye, bado ni mwembamba. Siku nyingine tumbo linarudi kuuma. Hapo namuuliza, "Unamkumbuka?" Ananisimulia kitu, na hupata nafuu. Nesi amefurahia mizani. Sahani ya babu yake bado inapata kijiko kimoja cha wali wake, namwacha.

Kurudi au kubaki, amua mwenyewe. Ila usirudi kwa hofu.

Nanang wako

17 Oktoba

Nanang mpenzi,

Natumaini hamjambo, na mvua imepungua. Boksi nimelifungua. Nitamaliza mkataba Aprili, kisha nije nikae.

Barua yako niliisoma Jumapili bustanini, pamoja na wenzangu wa kwetu. Kwenye mluzi wako tulicheka mpaka mlinzi akaja. Halafu hatukucheka tena. Kila mmoja alikuwa anahesabu watoto wake.

Jovy nimemtumia koti la mvua, kubwa kidogo. Naomba alijaze.

Siku ya Watakatifu mtakwenda kusafisha kaburi na kuwasha mishumaa. Mimi sijawahi kusimama pale, lakini tangu mwezi wa saba kuna Noring mwingine amekaa hapo, nahisi hivyo kila nikiosha vyombo. Mtakapoondoka, mkishamwita Jovy, yeye apige mluzi, na wewe, Nanang, uniite na mimi.

Binti yako,
Noring