Treni Haizai Ndama

Murungu, Kibondo
4 Mei 1975

Mpwa wangu Mwamvua,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima. Bi Mwajabu wangu anakusalimu sana. Goti lake linauma akitumwa maji, ngoma ikilia linapona. Mimi mjomba wako nina afya ya kuazima watu. Na wewe je, kifua kimekuacha? Kasulu kuna baridi, vaa sweta, usione haya.

Sasa sikiliza. Nestori, utingo wa lori la chumvi, ameniambia kwamba yule Mzungu wa barabara unayempigia chapa ana mchezo wa ajabu. Mtu mzima na ndevu zake, Jumapili anatandika reli mezani na kuendesha treni ndogo! Nestori alichungulia dirishani akadhani anaumwa kichwa.

Mwamvua, mjomba wako anayo treni ya namna hiyo. Ni kile kichwa chenyewe, injini, bila mabehewa. Si ya kopo la maziwa kama wanavyotengeneza watoto. Ni ya bati nene, ina dohani, ina magurudumu, uzito wake kama jogoo aliyeshiba. Muulize Bwana Injinia ni treni ya aina gani na bei yake ngapi. Asikudanganye, maana treni nazijua. Tabora walinishikisha usukani, dereva akalala, nikaifikisha Urambo bila kumwaga hata chai ya abiria.

Utauliza nimeipataje. Nilikuwa Nyabibuye, kule mpakani, Mbelgiji mmoja akakimbizwa na nyati. Nikamshika nyati pembe, nikamwambia kwa Kiha, "Genda!" Akaenda. Mbelgiji akalia kama mtoto, akanipa treni.

Haraka yangu ni hii. Tangu tuhamie kijiji kipya, nyumba yangu ni ya nyasi, na nyasi zimeoza. Nami nilishasema mkutanoni, mbele ya balozi wa nyumba kumi, kwamba nyumba ya kwanza kupigwa bati hapa itakuwa ya Hilali. Sasa watu wakipita wanatazama juu, halafu wananitazama mimi.

Mjomba wako,
Hilali

*

Kasulu
13 Mei 1975

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimetulia, sweta navaa. Mpe Bi Mwajabu shikamoo yangu, na goti pole.

Nimemweleza Bwana Injinia. Alisimama hata kiti kikaanguka. Anasema kabla ya kutaja bei lazima ajue mambo haya. Inakwenda kwa umeme, kwa moto wa spiriti, au kwa kutiwa ufunguo kama saa? Kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia ni upana gani? Upime kwa rula, Mjomba, si kwa kidole. Chini ya tumbo pameandikwa nini? Rangi ni ile ya kiwandani? Na sanduku lake lipo? Amesisitiza usiioshe wala kuisugua, iache na vumbi lake. Anaondoka nchini tarehe 28 Juni, mkataba wake umekwisha.

Mjomba, treni haina usukani.

Na kuna jambo lingine, usinikasirikie. Mwaka ule watu walipovuka kukimbia Burundi, nilikuwa kwenu likizo. Mama Pelagia alilala chumba kimoja nami mpaka malori yalipowapeleka Ulyankulu. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye kitenge. Aliniambia ni treni ya mumewe Harerimana, aliyopewa na tajiri wake wa gereji huko Bujumbura, na Harerimana mwenyewe alichukuliwa na askari asirudi. Hakupanda lori nayo. Ndiyo hiyo?

Mpwa wako,
Mwamvua

*

Murungu
22 Mei 1975

Mpwa wangu Mwamvua,

Waaleikum salaam. Marahaba, na Bi Mwajabu ameitikia. Hatujambo, ila panya wamezidi.

Usukani upo, wanauficha abiria wasiuone.

Majibu. Upana nimepima kwa rula ya Mwalimu Evaristi, ni inchi moja na robo. Haina waya wala pa kutia spiriti. Ubavuni ina tundu la mraba, dogo, la ufunguo. Chini ya tumbo pana herufi za Kizungu, zimeliwa na kutu, sizisomi vizuri. Ya kwanza kama mlima wenye vilele viwili, moja kama reki, na ya mwisho wa mstari kama mtu aliyeinua mikono. Muulize Mzungu ni neno gani.

Kuhusu kuosha, barua yako ilichelewa. Nilishaisugua kwa majivu na mchanga kama sufuria, ikang'aa mpaka nikajiona pua. Halafu rangi ya kijani iliyobaki walipopaka ofisi ya chama, nikaipaka yote, na dohani nyeusi. Imependeza! Ilikuwa na vimistari vya dhahabu vya kizee, nimevifunika. Sanduku Bi Mwajabu anaatamishia kuku.

Ufunguo ulizama Malagarasi siku niliyopigana na mamba. Mamba anao mpaka leo.

Kuhusu huyo mama, ni kweli alikuwa na treni. Lakini treni zinafanana, kama mbuzi. Wewe ulikuwa mtoto wa shule, usingizi mwingi, utakumbuka nini?

Nakuletea yenyewe kwa mkono wa Nestori, ndani ya gunia la maharage. Maharage ni yako.

Mjomba wako,
Hilali

*

Kasulu
2 Juni 1975

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini panya wamepungua. Maharage nimeyapata, asante. Treni imefika salama.

Bwana Injinia aliifungua juu ya meza ya ramani. Alipoona ile rangi ya kijani alivua miwani. Akachukua wembe, akakwangua kidogo chini ya dohani, akafika kwenye mistari ya dhahabu, akasema, "Nani amemfanyia hivi?" Nikasema sijui, Mjomba. Wewe ni damu yangu.

Ana kitabu cha picha za treni. Alilinganisha magurudumu, umbo la dohani, na yale maandishi, akaipata. Ni ya Ujerumani, ya kabla ya vita vya Hitla. Zilitengenezwa nyingi, lakini zilizobaki nzima ni chache. Anasema bei ya kitu kama hiki huliwa na aliyekitunza vibaya. Ingekuwa na rangi yake na sanduku lake, angetoa elfu mbili. Rangi imeondoa nusu, sanduku limeondoa lake. Kama ilivyo, bila kujua mtambo wa ndani ni mzima, ni shilingi mia nne. Ukipatikana ufunguo wake, akaiona inakwenda, anatoa mia tisa. Msichongeshe ufunguo kwa mhunzi, usipokaa sawasawa utavunja springi.

Mia tisa ni bati za nyumba nzima, Mjomba. Lakini ufunguo uko kwa mamba. Au uko kwa nani?

Tarehe 28 akiondoka anaichukua kwa mia nne, labda useme vinginevyo.

Mpwa wako,
Mwamvua

*

Murungu
7 Juni 1975

Mwamvua,

Salaam. Sisi wazima, tunapumua.

Ufunguo nimeuagiza. Haya, uko Ulyankulu. Uko kwa Pelagia, umefurahi? Siku ya malori aliniwekea treni mkononi, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Akasema, "Wewe kaa na mwili, mimi nakaa na roho, tutakutana." Nilicheka. Watu wa Burundi wana maneno.

Usinihukumu kabla hujanisikiliza. Kwa desturi yetu, mtu akikuachia ng'ombe umchungie, maziwa unakunywa wewe, na ng'ombe akizaa mara kadhaa unapewa ndama wako. Hakuna anayekuita mwizi. Mimi treni nimeichunga tangu mwaka wa sabini na mbili. Nilihama nayo, niliinyima panya, mvua ilipovuja niliifunika kwa koti langu mwenyewe. Treni haizai. Basi ndama wangu yuko wapi? Niambie wewe uliyesoma.

Nimemwandikia kwamba mtambo usipotiwa ufunguo unashika kutu na kufa, kwa hiyo alete ufunguo niupe pumzi. Si uongo wote. Kutu ipo.

Bi Mwajabu alinisikia nikiisoma barua hiyo kwa sauti. Tangu hapo anatenga ugali, anageuka, anakwenda zake. Nilimsimulia habari ya nyati ili acheke. Akasema, "Hilali, huyo nyati alikuja na malori?"

Mwambie Mzungu asubiri ufunguo.

Mjomba wako

*

Murungu
23 Juni 1975

Mwamvua mwanangu,

Salaam, na salamu zote unazozijua, sina nafasi ya kuziandika.

USIUZE. Mwambie Mzungu mjomba amekataa, mwambie mjomba amepata kichaa, mwambie lolote.

Ufunguo umekuja. Mtu wa kwao ameuleta, umeshonewa ndani ya kipande cha kile kitenge. Pelagia kaandikiwa barua na katekista, lakini maneno ni yake. Nakunakilia, maana siwezi kukaa nayo peke yangu:

"Kaka Hilali, amahoro. Nilifikiri mmeitupa pembeni, na nisingelaumu, nyumba yenu ilijaa watu. Kumbe unaihangaikia isife. Nilimwambia mwenzangu hapa, yule Muha anaongea sana lakini moyo wake ni nyumba. Itie ufunguo polepole, usilazimishe. Harerimana alikuwa anaiga sauti yake, watoto wanacheka. Nimeanza kuisahau. Ikilia uisikilize, uniandikie inaliaje. Tukipewa ruhusa ya kusafiri nitaifuata."

Moyo wangu ni nyumba, Mwamvua. Hata nyumba yangu si nyumba.

Nimetafuta ndama wangu ndani ya barua hiyo sijamwona. Barua hii nampa Nestori leo hii, lori linaondoka.

Mjomba wako,
Hilali

*

Kasulu
3 Julai 1975

Mjomba,

Shikamoo. Niliposikia honi ya lori la chumvi jana nilikimbilia barabarani. Nestori anasema walikwama njiani bila dizeli, wakalala humo na chumvi yao. Akanipa barua yako. Niliisomea palepale nimesimama.

Mjomba, nimeiuza. Tarehe 28 asubuhi. Bwana Injinia ameshaondoka.

Usijilaumu peke yako. Mimi nilijua. Nilijua tangu ilipotoka kwenye gunia, maana hata chini ya kijani chako nililitambua lile jicho la taa la mbele, lililobonyea. Mama Pelagia alinionyesha, akaniambia lilibonyea walipovuka mto. Bwana Injinia aliniuliza sawasawa kabisa, "Ni mali ya mjomba wako kweli? Sitaki kununua kitu cha mtu." Nikamsimulia Mbelgiji na nyati. Nikaongeza na mvua. Alicheka sana, akatoa pesa. Nilisimulia vizuri kuliko wewe, na nilijiona mjanja mpaka jana.

Na hili nalo ulijue. Alipokwisha kunilipa alivuta saraka, akatoa kopo limejaa funguo za kila namna. Akajaribu mmoja, akajaribu mwingine, ukaingia. Nikamwuliza, kwa nini basi alisumbua watu na habari ya ufunguo? Akasema mnunuzi haonyeshi karata zake zote. Akaitia ufunguo, akaiweka relini, ikaenda. Ikazunguka meza nzima, Mjomba, nzima kabisa, ikilia. Akaifunga kwenye sweta zake akaiweka sandukuni.

Mia nne zote ziko kwenye bahasha, sijagusa. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Mwamvua

*

Murungu
12 Julai 1975

Mwanangu Mwamvua,

Assalaam aleikum. Bi Mwajabu anakusalimu. Ameanza kuzungumza nami, neno moja moja. Mimi sina ugonjwa, lakini usiniulize hali.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kukaa chini ya nyasi zangu. Nikasema sasa Hilali, tunga. Mwambie Pelagia wezi walikuja. Mwambie moto. Mwambie serikali imeichukua kuiweka makumbusho na jina la Harerimana limeandikwa ukutani. Mimi, Mwamvua! Mimi niliyemtoa nyati mdomoni bila kuguswa. Nilikaa mpaka kuku wakaingia. Haikuja hata moja. Kila nikianza, nasikia "moyo wake ni nyumba," naacha.

Wewe hukuiuza. Wewe ulibeba hadithi yangu tu ukaifikisha, kama Nestori anavyobeba chumvi. Usilie.

Nimekwenda kwa balozi nikamwambia bati hazipo na hazikuwepo. Alinipa pole, akaanza kunihesabia waliosema watachangia nyasi mpya. Nilitamani anitukane.

Nakwenda Ulyankulu. Pesa zote ni zake, na hazitoshi, nitamwambia hazitoshi. Ufunguo nitamrudishia ndani ya kitenge chake. Kuhusu rangi ya kijani pia nitamwambia, maana hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea. Vile vimistari vya dhahabu Pelagia alikuwa anavifuta vumbi kwa ncha ya kidole. Nitapanda treni Kigoma. Usimwambie mtu, lakini itakuwa mara yangu ya kwanza. Utaniambia nikae wapi.

Nitapita kwako Alhamisi. Andaa bahasha, na uniandalie kitu kimoja tena. Wewe peke yako katika ukoo huu umeisikia ikilia, na yeye aliomba kuambiwa sauti yake. Niandikie inaliaje. Iwe kwenye karatasi, na usinieleze kwa mdomo hata nikikuomba. Ukinieleza kwa mdomo nitaongeza njiani, nitafika Ulyankulu imeshaanza kunguruma kama simba. Andika ilivyolia tu, basi, ufunge bahasha kwa gundi, uandike juu jina lake.

Mjomba wako,
Hilali