Debe la Asumini Chini ya Ngazi

Bi Zuhura wangu,

Naanza kwa jina lako, kama nilivyokuita miaka yote. Jana tumesoma hitima ya arubaini yako. Watu wamekwenda zao, nami nimebaki uani na asumini yako. Debe lenyewe ni la tano, yale mengine yaliliwa na kutu. Kuna neno nililokunyima, na nataka kulisema leo.

Unakumbuka ulivyoingia nyumba hii ya Mji wa Kale? Ulikuwa mwaka wa kwanza wa uhuru, nina miaka tisa, na mama yangu hata mwaka hajatimiza kaburini. Baba alikuleta kutoka Tudor, umepakata debe la mafuta ya taa lenye mche wa asumini. Ulinisalimu, nikatazama ukutani. Shangazi alikwisha kunijaza maneno, kwamba mama wa kambo si mama. Baba akaniamuru nikuite mama. Nikajikausha. Ukamwomba aniache, kisha ukanigeukia mimi.

"Niite upendavyo, nitaitika."

Nilikuwa mtoto wa kisirani, wala usinitetee. Mche ule uliupenda mno, nami nikauonea wivu. Uani kwetu jua huingia upande mmoja tu, mti ukilalia huko, basi kila Ijumaa ukaligeuza debe ili usimame sawa. Alasiri ulichuma matumba yangali yamefumba, ukayafunga katika kitambaa kibichi, na Magharibi yakafumbuka yenyewe nyweleni mwako. Nilitamani kukuuliza yanajuaje kama jua limekuchwa. Kiburi kikanizuia.

Siku moja ulikwenda kununua leso. Nililikokota debe mpaka stoo ya makaa chini ya ngazi, nikalisukuma nyuma ya magunia, nikafunga mlango. Nilitaka life. Uliporudi ukauliza, nikakwambia labda wameliiba. Ulinitazama, ukasema haya, ukaenda kupika.

Nikangoja ulie, au unishtaki kwa Baba. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Wewe unanisuka nywele kama kawaida, mimi chakula hakinipiti. Mwisho nikaenda kutazama kama mti umekufa.

Haukufa. Ulikuwa umetoa tawi moja refu, jembamba, jeupe kama uzi wa kushonea kofia. Lilipita juu ya magunia mpaka kwenye ufa wa mlango, pale penye mwanga. Vijani vyake vilikuwa vidogo, havina rangi. Nikatia kidole udongoni. Ulikuwa umelowa maji.

Kumbe siku zote zile ulikuwa ukiingia, ukiutilia maji, na kuufunga tena mlango.

Nililikokota debe hadi ulipokaa ukikuna nazi. Nikakuuliza, huku nalia, kwa nini hukuutoa.

"Ningeutoa mimi, kesho ungeurudisha. Nilitaka uutoe wewe."

Ukanifuta uso kwa ncha ya leso. Ukanieleza kwamba tusiuanike juani mara moja, majani yaliyoota gizani huungua, tuusogeze kidogo kidogo. Tukausogeza pamoja siku kadhaa, mpaka tawi likawa kijani. Lilibaki limepinda na ukakataza lisikatwe. Kikuba cha maua nilichovaa harusini kwangu kilitoka tawi lile. Baba aliingia kaburini hajui lolote.

Nilikupenda tangu siku ile. Lakini niliona nikikuita mama, nitakuwa nimemzika mama yangu mara ya pili. Ujinga huo nimeuzeekea. Nilikuita Bi Zuhura nilipougua, nilipojifungua, na nilipofiwa na mume, na kila mara uliitika na kuja. Siku yako ya mwisho nilikushika mkono. Neno lilifika menoni likarudi. Nikasema, "Bi Zuhura." Ukanibana vidole.

Leo Ijumaa. Debe nimeligeuza. Matumba sikuyachuma, yamefumbuka mtini, na ua wote unanukia wewe.

Mola alitie nuru kaburi lako, mama.

Nimekuita. Ulisema utaitika.

Mwanao