Pua ya Gari la Masanja

Jumapili jioni, Bariadi. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi kama mgeni ambaye hajasema shida yake. Mvua hakuna. Mimi nami nimekaa uani ndani ya Runx yangu, ufunguo mkononi, siiwashi. Mke wangu amepita na ndoo, akaniuliza kama nasubiri abiria.

Nimwambie nini? Kwamba mtu mzima, mwenye kitambi na duka la dawa za mifugo, anaogopa mlio ambao gari lake halina tena?

Bora niandike, labda woga utapungua.

Injini ya Runx ilinifia njiani natoka Lalago, kwa uvivu wangu wa kuangalia oili. Wakati huo rafiki yangu Masanja tulikuwa tumeshamzika. Alipinduka na Allex yake barabara ya Lagangabilili. Bodi ilikunjamana, yeye hakufika hospitali. Injini haikupata hata mkwaruzo.

Hilo sijalielewa mpaka leo.

Runx na Allex ni mapacha waliovalishwa mashati tofauti. Injini ya moja inakaa kwenye nyingine bila ugomvi. Matanga yalipoisha, Kabula, mjane wake, akaniambia, "Ichukue, shemeji. Heri itembee kuliko kuku wailalie."

Fundi Ndaki akaifunga. Kabla hajamaliza akaniita. Masanja alikuwa ametoa menifodi ya hewa iliyokuja na gari, yale mabomba manne yanayogawia injini pumzi, akaweka ya gari jingine la ukoo huohuo, aliyoichonga kwa mikono yake. Ndaki huiita pua. "Nikufungie na pua yake, au nikurudishie ya kwako?"

Nikasema ya kwake. Nilitaka, kwa umri huu, vijana wa stendi wageuke.

Wakageuka. Sikujua nani mwingine angegeuka.

Ile pua haikulia kama magari mengine. Ukienda polepole inaguna kama dume la ng'ombe lililoona wageni. Ukikanyaga mafuta inapanda mpaka inapaza sauti. Mtaa mzima ulijua Masanja anarudi kabla hajaonekana. Jioni ya kwanza nikapita kwao bila kufikiri. Mama yake, ambaye sote tunamwita Mayu, macho yake yamepoteza nuru. Alikuwa nje anachambua choroko. Nikamwona anaweka ungo chini, anafuata ukuta kwa kiganja, anafika getini, analivuta. Geti zito lile. Uso wake ulikuwa umefunguka kuliko geti.

"Umechelewa," alisema.

Nikazima gari. Nikamwamkia, "Mwadila, mayu." Akaijua sauti yangu. Akauliza taratibu, "Na mwenye gari yuko wapi?"

Wewe ungemjibu nini?

Tangu siku hiyo nikawa nazungukia njia ya mnadani. Haikusaidia, jioni sauti husafiri. Kabula akaja dukani, akasimama kati ya dawa za kupe na chumvi ya ng'ombe. "Shemeji, sikukatazi gari lako. Ila mama hataki geti lifungwe, na hagusi chakula mpaka mwanawe aingie. Anaisha huyu."

Na mimi nilikuwa na yangu. Nilishajikuta naondoa mkoba kwenye kiti cha abiria, nisijue namwachia nani nafasi.

Baba yangu alikuwa mfugaji kule Bukundi. Dume la kengele likifa, hakumvalisha ng'ombe mwingine kengele ile. Aliitundika nyumbani mpaka kundi lisahau mlio wake, maana ng'ombe hufuata kengele, hawatazami shingo. Nami, mtoto wa mfugaji, nikajivalisha kengele ya marehemu na kupita nayo mlangoni kwa mama yake.

Jana nikamrudia Ndaki. "Ujana umekushinda, mzee?" akacheka. Akaitoa pua ya Masanja, akarudisha yangu. Sasa gari linaongea kama la mwalimu mkuu. Nikapita mbele ya geti lile polepole. Mayu alikuwa palepale na ungo wake. Hakuinua kichwa.

Nilidhani nitafurahi. Nikajisikia kama nimemzika mtu mara ya pili, safari hii peke yangu.

Leo baada ya ibada Kabula akapiga simu. Jana Mayu alisubiri mlio, haukuja. Giza lilipoingia akasema geti lifungwe. Kisha akalia, yeye ambaye msibani hakutoa chozi. Kabula akaona amweleze yote, injini na pua. "Anakuita, shemeji. Amesema uje na hicho ulichokitoa."

Nilikwenda kwa miguu, pua ndani ya kiroba. Mayu akaipakata. Akapitisha vidole kwenye kila bomba, akachelewa pale mwanawe alipochonga.

"Kumbe ndiyo hii iliyokuwa inasema," alisema. Halafu, "Itundike. Pale kwa baba yake."

Pale ni chini ya paa la kibaraza, penye kengele ya dume la marehemu mumewe, imejaa kutu. Nikapanda juu ya kigoda, kikalia chini ya kitambi changu. Kabula akaniomba nisiwaongezee msiba. Tukacheka, hata Mayu.

Nilipokwisha kufunga waya, upepo wenye harufu ya mvua ukapita. Ukaingia kwenye yale mabomba manne, nayo yakaguna. Kwa chini, kama kutoka kifuani.

Kabula akageuka kutazama geti. Nami nikageuka.

Mayu hakugeuka. Aliendelea na choroko zake.

Kesho napeleka dawa Lagangabilili, na sitazungukia mnadani. Nitapita palepale kwao, polepole, na nikikaribia geti nitapiga honi, ili wajue kuwa ni mimi tu.