Sweta la Atupele

Jumanne jioni, Juni

Bado ile ramani ya kwenye kikao cha jana inanikera. Wamepaka rangi nyekundu kila mahali ambako watoto wanaugua homa, kikohozi na kuharisha huku wamedumaa. Chunya kukavu, ningeelewa. Lakini Iringa nyekundu, na sisi huku milimani Mbeya nyekundu pia! Sisi tunaojaza malori viazi na mahindi kulisha wengine!

Nilitaka kubisha. Leo kliniki Atupele amenifunga mdomo.

Mama yake amemleta anakohoa na kuharisha. Kwa baridi hii mama zetu hawapendi kuwavua watoto nguo wakati wa kupima uzito, nami huwa nawaonea huruma. Leo nikasogeza jiko la mkaa, nikamvua sweta mwenyewe. Mbavu zote nje.

"Anakula?" nikauliza.

"Nimempumzisha chakula, nesi, tumbo lipone kwanza." Kasema kwa upole, kama mtu anayengoja kusifiwa.

Sikumgombeza. Ningemgombezaje, na mama yangu alitulea hivyo hivyo? Nimempa mtoto dawa, kisha tukapika uji wa maziwa na karanga. Mama akamlisha taratibu, hadi Atupele akaanza kuuvuta mkono wenye kijiko.

Wakati wa kumvika nikalisifia sweta.

"Bibi yake alilifuma mtoto akiwa na mwaka mmoja," mama akacheka. "Alilifanya kubwa, akue nalo."

Mwezi ujao Atupele anatimiza miaka mitatu. Mikono ya sweta bado tunaikunja.